Jogoo Gani Umtie Bandani?

Mwaka jana katika jarida letu hili mwenzetu mmoja alitufundisha namna ya kumjua samaki mbichi kwa kumtazama macho na mashavu kabla ya kutoa pesa. Mwaka huu mhariri amenipa mimi kurasa hizi, nami nitasema juu ya jogoo: vipi utamchagua jogoo wa kukaa na kuku wako wachache wa nyumbani. Najua wavulana wa darasa letu wataguna. Wao ndio walionibandika jina la Mama Kuku tangu kidato cha kwanza. Na waniite. Pesa zangu za chakula cha mchana hapa shuleni, viatu nilivyovaa na hata karatasi niliyoandikia makala haya, vyote vimetoka bandani.

Kwanza tuelewane maneno, maana hiki ni Chama cha Kiswahili. Kuku akitoka katika yai ni kifaranga. Dume akikua lakini hajaanza kuwika sawasawa ni pora. Akiwika na kupanda majike ni jogoo, na sisi wa Mvita twamwita pia jimbi (si yale majimbi ya kupika kwa tui la nazi, ingawa jina ni moja). Jike anayekaribia kutaga ni tembe au mtetea, na aliyekwisha kutaga na kutotoa ni koo. Ile nyama nyekundu kichwani mwa jogoo huitwa undu, wengine husema upanga. Ule mwiba wa mguuni ni kipi, na wingi wake ni vipi, kwa hivyo mtu akikuuliza "vipi vipi?" huenda anataka habari za miguu ya jogoo wako.

Halafu kuna swali ambalo watu hawaulizi: je, wamhitaji jogoo kweli? Wengi hudhani kuku hatagi bila jogoo. Sivyo. Mayai tunayonunua dukani hutagwa na kuku ambao hawajawahi kumwona jogoo maishani mwao. Mtetea hutaga umri ukifika, awe na mume asiwe naye. Jogoo ni wa vifaranga tu. Kama wewe wataka mayai ya kukaanga na unakaa nyumba za Swahili zilizobanana, jirani yako ana mtoto mchanga, basi kaa bila jogoo na utapendwa mtaani. Lakini kama wataka banda lijiendeshe lenyewe, kuku waatamie, watotoe, uuze mapora Idd na Krismasi, hapo huna budi. Na hapo ndipo mimi nilipoharibu.

Nyumbani kwetu ni Likoni, upande wa Timbwani, nami naishi na nyanya yangu mzaa mama. Nilipokuwa kidato cha kwanza tulikuwa na kuku 17. Jogoo wetu wa zamani alikuwa amekongoka, hapandi, na mayai tuliyoyawekea koo yalitoka viza karibu yote. Nyanya hawezi kutembea mbali kwa sababu ya magoti, kwa hivyo akanipa shilingi 1,200 akanituma Ng'ombeni kwa babu mmoja anayejuana naye tangu ujana wao. Akaniambia, "Usinunue njiani. Nenda mpaka kwake."

Mimi nilishuka matatu kabla sijafika. Kando ya barabara palikuwa na mchuuzi mwenye tenga, na ndani ya tenga mlikuwa na jogoo ambaye wallahi mpaka leo sijaona mzuri kama yeye. Mkia mweusi unaong'aa kijani, shingo kama dhahabu, miguu mirefu. Bei shilingi 700. Nikajiona hodari wa biashara. Nikarudi nyumbani na jogoo na chenji ya shilingi 500 mkononi. Nyanya akauliza, "Mbona rahisi?" Nami, kwa kuogopa kugombezwa, nikasema babu wa Ng'ombeni amempunguzia.

Uongo huo ndio uliotumaliza, manake nyanya kuku wa banda lile anawaamini. Lau ningemwambia ametoka kwenye tenga la njiani angemfunga mbali. Badala yake tulimtia bandani jioni ile ile. Siku ya nne jogoo alisimama kando, macho kayafumba nusu, kinyesi chake kijani. Siku ya sita akawa anavuta pumzi kwa mdomo wazi. Akafa. Kisha wakaanza wengine, wawili leo, watatu kesho, mmoja shingo imejipinda mpaka anatazama mgongo wake. Ulikuwa ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo. Walibaki watatu kati ya 17. Nilimwambia nyanya ukweli siku tuliyokuwa tunamzika kuku wa tisa, yeye ameketi kwenye kigoda mimi nachimba shimo. Hakunigombeza. Alinyamaza mpaka shimo likafukiwa, kisha akasema, "Safari ya pili twenda sote." Ningependa angenipiga, afadhali.

Basi yote nitakayoyaeleza hapa chini niliyajua baadaye: mengine kwa nyanya, mengine kwa babu wa Ng'ombeni, mengine vitabuni na katika somo la Kilimo, ambamo kidato cha tatu tuna mada ya uteuzi na uzalishaji wa mifugo.

Nianze na hilo la bei rahisi. Kideri hakina dawa, kina chanjo tu. Kwa hivyo kikiingia kijijini, watu wengi hukimbilia kuuza kuku wao kabla hawajafa, na kuku hao huenda sokoni wakiwa wazima kwa macho lakini ugonjwa tayari umo mwilini. Kwa kawaida dalili hutokea baada ya siku tano au sita, ingawa huweza kuchelewa hata wiki mbili. Kwa hivyo jogoo wa bei ya kutupa, msimu ambao unasikia kuku wanakufa huku na huku, ni wa kumkimbia. Ugonjwa wenyewe kwa Kiingereza umepewa jina la Newcastle, mji wa bandari huko Uingereza ulikoonekana mwaka 1926, mwaka huo huo ulioonekana kisiwani Java. Sisi watu wa bandari tusishangae.

Ukiweza, mnunue jogoo nyumbani kwa mtu, usimnunue sokoni. Sisemi soko la Kongowea au Mwembe Kuku ni pabaya. Wako wauzaji waaminifu. Lakini sokoni unamwona jogoo peke yake, amefungwa miguu, mchana wa jua kali, na hujui ametoka wapi. Nyumbani kwa mtu unamwona mama yake, unawaona ndugu zake, unaona kinyesi chini ya banda, na zaidi ya yote unaona tabia yake. Hayo yana thamani kuliko rangi ya mkia.

Kwa nini tuhangaike hivi kwa ndege mmoja? Hesabu yake ni nyepesi. Ukiwa na makoo kumi, kila koo anawapa vifaranga wake nusu ya urithi, basi, wake peke yao. Jogoo anawapa nusu vifaranga wote wa banda. Koo mmoja akiwa mbaya umeharibu sehemu ndogo. Jogoo akiwa mbaya umeharibu kizazi kizima. (Mambo ya urithi tutayasoma vizuri kidato cha nne katika Biolojia, msinibane maswali sasa.) Tena jogoo hurithisha hata asichokuwa nacho mwenyewe: yeye hatagi, lakini binti zake watataga kama mama yake alivyotaga. Ndiyo sababu nyanya, tulipofika Ng'ombeni, hakuuliza jogoo yuko wapi. Baada ya shikamoo na marahaba aliuliza, "Mamake yu wapi? Hutaga mangapi kabla kulala? Akilala hutotoa mangapi?"

Sasa mshike. Usiogope kumshika, unanunua kwa pesa zako. Babu alinionyesha hivi: mkono mmoja chini ya kifua, vidole katikati ya mapaja, mkono mwengine uko huru kukagua. Anza kichwani. Undu uwe mwekundu na joto, usiwe umepauka wala wa zambarau, na usiwe na vipele vya ndui. Macho yote mawili yawe wazi, yanang'aa, hayana povu. Pua kavu. Mdomo ufunge sawa, juu na chini, kwa sababu mdomo uliopishana huweza kurithiwa na kifaranga wa namna hiyo hawezi kudonoa. Msikilize pumzi: mweke sikioni kama saa. Ukisikia mkwaruzo au kukoroma, mrudishie mwenyewe kwa heshima.

Teremka kifuani. Kidari kiwe kimenyooka na pande zote mbili pana nyama. Jogoo mrefu mwenye kidari kama kisu ana minyoo au ana njaa ya siku nyingi, na manyoya mazuri huficha hayo yote. Yule wangu wa tenga ningemshika kifua ningejua. Fungua manyoya ya chini ya mkia, hapo ndipo chawa hukaa na mayai yao hushikamana kwenye mashina ya manyoya. Sehemu hiyo iwe safi, isiwe na kinyesi kilichogandamana. Utitiri wa kichwani na shingoni uangalie vile vile.

Miguu ndiyo niliyopewa somo refu kuliko yote. Jogoo hupanda kwa miguu, akiwa kiwete hana kazi. Vidole vinyooke, goti lisigongane na goti, asimame sawa pande zote. Nyayo ziwe laini, hazina uvimbe mgumu chini. Magamba ya mguu yalale kama vigae vya paa. Yakiinuka na kuwa na ungaunga mweupe chini yake, hao ni wadudu wadogo sana waingiao chini ya magamba. Si wa kukufanya umkatae jogoo kama mengine ni sawa, maana ukimpaka mafuta kila baada ya siku chache wadudu hukosa hewa wakafa. Sisi twatumia mafuta ya nazi. Halafu vipi: pora wa miezi sita ana kidoto tu, mwenye kipi kirefu kilichojipinda ni mzee, hata muuzaji akiapa. Jogoo anafaa kuanza kazi kati ya miezi sita na minane, na nguvu yake ni mpaka miaka miwili au mitatu hivi. Mimi ningechukua wa miezi minane, ambaye umbo lake umeshaliona lakini umri wake wote uko mbele yake.

Baada ya mwili, tabia. Babu alimwaga mtama kiganja kimoja uani akaniambia nitazame majogoo wawili aliokuwa nao. Mmoja, mkubwa, alikula haraka akimfukuza kila mtu. Wa pili alidonoa punje, akaiangusha, akaidonoa tena akitoa sauti ya ko-ko-ko, na makoo wakaja mbio wakala wao kwanza. Huyo ndiye. Jogoo anayeita wenziwe kwenye chakula ana vifaranga wengi kwa sababu makoo wanamkubali, hawamkimbii. Babu akaniambia pia nimtazame anapotazama juu. Sisi wa Mombasa kunguru wametushinda. Hawa wenye shingo ya kijivu asili yao ni Bara Hindi, waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, na leo kifaranga akizubaa dakika moja ameshakwenda. Jogoo mzuri ana sauti mbili: moja nyembamba, ndefu, kwa adui wa angani, na nyengine ya kukatakata, kelele nyingi, kwa paka au kenge anayekuja chini. Wataalamu wamezichunguza sauti hizo wakaona kweli kuku husikia tofauti: kwa ile ya kwanza hujiinamia na kukimbilia vichakani, kwa ya pili husimama wima na kutazama huku na huku. Nimezisikia kwa masikio yangu uani kwetu, na vifaranga hunyamaza wote kama darasa mwalimu mkuu akipita.

Lakini ushujaa si ukorofi. Jogoo anayeshusha bawa moja na kuwazunguka makoo ni sawa, hiyo ni posa yake. Anayekushushia wewe bawa, akakujia ubavuni, huyo atampiga mtoto. Nyumba yenye watoto wadogo haifai jogoo wa hivyo hata awe mzuri namna gani, maana kipi hufika usawa wa macho ya mtoto wa miaka miwili. Tabia hiyo huenda kwa wanawe pia. Supu.

Hapa nigusie kabila la jogoo, kwa sababu darasani tulibishana sana. Pwani yetu kutoka Lamu mpaka Unguja wako kuku waitwao kuchi: warefu, wamesimama wima kama askari, undu mdogo, mdomo wa nguvu, asili yao ni kuku wa kupigana wa Asia. Wavulana wote wa darasa letu wanataka kuchi. Ni jogoo wa nyama nyingi, ukweli huo siukatai. Ila ni mkali, na ni mzito mno kwa tetea wetu wadogo; huwachana mgongo mpaka ngozi, kisha kidonda kikidonolewa na wenzake umempoteza. Kama makoo yako ni wakubwa, haya. Kama ni wadogo, chukua nusu-kuchi.

Mimi chaguo langu ni kishingo, yule asiye na manyoya shingoni. Watu humcheka, hata nyanya humwita "uso wa kunguru", lakini ana manyoya pungufu mwili mzima, si shingoni tu, kwa hivyo joto letu hili la Likoni halimsumbui kama wenzake. Hilo si la kubuni, limepimwa na wataalamu nchi nyingi za joto. Na ukimtia kishingo mmoja bandani, nusu ya vifaranga au zaidi watatoka vishingo. Kidimu naye, mwenye manyoya yaliyojikunja kuelekea nje, huvumilia joto pia, ila hapa pana mtego. Usiweke jogoo kidimu na koo kidimu. Robo ya watoto wao watakuwa na manyoya mabovu yanayokatika, karibu uchi kabisa, nao huungua jua na kufa kwa baridi ya mvua ya masika. Kidimu mmoja kwa kuku wa kawaida, sawa. (Wako wanaomtafuta kidimu, au jogoo mweusi tititi, kwa mambo ya uganga, na bei hupanda. Hayo mimi simo.)

Vipi majogoo wa kizungu? Nchi yetu ililijaribu jambo hili. Mwaka 1976 serikali, ikisaidiwa na Uholanzi, ilianzisha mpango wa kuendeleza ufugaji wa kuku, na ndani yake mkulima alileta jogoo wake wa kienyeji akapewa wa kizungu badala yake. Watoto wa kwanza wa jogoo wa namna hiyo huwa wakubwa na mabinti hutaga zaidi. Shida huanza damu ya kizungu ikizidi: kuku husahau kuatamia, na hudai chakula na dawa kuliko mwenye banda awezavyo. Kwa mwenye mashine ya kutotolea hiyo si hasara. Kwa nyanya yangu, ambaye mashine yake ni koo mwenyewe, ni mwisho wa banda. Siku hizi shirika la utafiti la KALRO, pale Naivasha, lina kuku wa kienyeji walioboreshwa, na wengi wamefaidika nao. Ukimpata jogoo wa namna hiyo, uliza kwanza kama kuku wa ukoo wake huatamia.

Narudi Ng'ombeni. Nilikuwa nimeshampenda yule pora wa ko-ko-ko, nyanya ameridhika, pesa ziko mkononi. Babu akauliza, "Hao watatu waliosalia kwenu ni wa nani?" Nyanya akamkumbusha kwamba mama yao alitoka hapo hapo kwake. Babu akamwachia jogoo, akasema haumuzii. Nilikasirika, nikadhani ana majivuno. Kumbe alikuwa anatufaa. Jogoo akipanda dada zake na binti zake kizazi baada ya kizazi, vifaranga huwa wadogo, mayai viza huongezeka, na ugonjwa mmoja huwachukua wote. Hilo ndilo kosa kubwa la mabanda ya kwetu: watu huuza mapora wakubwa Idd, wakamwachia urithi yule mdogo aliyebaki, na ni mtoto wa jogoo yule yule. Kila baada ya mwaka mmoja au mwaka na nusu badilisha jogoo, na awe wa ukoo mbali. Babu alitutumia pora kishingo kutoka kwa shemeji yake Kinango. Alitugharimu shilingi 1,300 na nauli.

Safari hii tulifanya kama ipasavyo. Banda lilikuwa limekaa miezi mitatu bila kuongezwa kuku, limefagiliwa, limepakwa chokaa. Wale watatu walipata chanjo ya kideri, tone moja jichoni. Chanjo huja katika kichupa cha kuku 100 au zaidi, na ukishaichanganya huwezi kuiweka, kwa hivyo tulichanga nyumba sita za mtaani na sasa hurudia kila baada ya miezi mitatu. Jogoo mgeni tulimweka chini ya mwembe upande wa pili wa uwa, ndani ya tundu lake, chombo chake cha maji peke yake, wiki tatu nzima. Mimi nilikuwa nikiwalisha makoo kwanza, yeye mwisho, kisha nanawa. Siku ya 21 usiku nilimtia bandani gizani, wakaamka asubuhi wako pamoja. Ukimtia mchana ni vita.

Ukimbadilisha jogoo, jambo moja zaidi. Koo huhifadhi mbegu ya jogoo wa kwanza mwilini siku kumi na zaidi, hata wiki mbili. Ukitaka vifaranga wawe wa jogoo mpya kwa hakika, ngoja wiki tatu ndipo uanze kukusanya mayai ya kuatamiwa. Jogoo mmoja anatosha makoo wanane mpaka kumi na wawili. Mwenye makoo watatu kama sisi wakati ule ajue jogoo atawachosha, hivyo tulimtoa na kumrudisha siku baada ya siku mpaka matetea wakaongezeka.

Yako mengine ya kuchekesha. Jogoo wetu wa Kinango alikaa siku tisa hawiki hata mara moja, na wavulana wa darasa wakanitumia methali ile ya jogoo la shamba kila asubuhi mpaka nikachoka. Nikasoma nikakuta jambo hili: mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwaweka majogoo ndani ya mwanga hafifu usiobadilika, na bado wakawika kila alfajiri ilipokaribia, kwa sababu saa imo ndani ya mwili wao. Mwaka 2015 wakaonyesha kwamba mkubwa wa kundi ndiye huanza, na wadogo hungoja zamu kufuatana na vyeo vyao. Sasa kwa jirani yetu kuna jogoo mzee ambaye sauti yake yafika mpaka kwetu, na nadhani wetu alikuwa akimsikia na kumwogopa. Siku ya kumi, saa kumi kasorobo usiku, kabla ya adhana, aliwika. Nyanya alinigonga kwa fimbo ukutani: "Mjukuu wangu, wamsikia?" Tulicheka wawili gizani.

Ninapoandika haya tuna kuku 22. Koo mmoja kishingo ana siku ya 18 juu ya mayai 11. Nimeyamulika kwa tochi, tisa yana uhai. Jogoo wa Kinango anakaribia mwaka na miezi minne bandani kwetu, na mabinti zake wawili wameanza kutetea, kwa hivyo zamu yake inakwisha nami sijapenda kumwuza. Nina mapora wawili, mmoja kishingo, wa miezi saba, wamechanjwa. Kama uko Changamwe au Kisauni na una pora mzima wa ukoo mwengine, mama yake anaatamia, hashushii watoto bawa, tubadilishane. Nione 3 Mashariki wakati wa mapumziko. Ila nitakuja kwenu kumtazama kwanza, na akija kwetu atakaa chini ya mwembe wiki tatu.